Injini ya Eropleni Isizimike Angani



Hotuba ya leo yahusu injini za eropleni ndogo, yaani zile ndege zenye injini moja na viti vichache, zitumiazo viwanja vya majani na vya mchanga mbali na miji mikubwa. Labda mkulima mmoja atauliza: Habari hizo zanihusu nini mimi, nami sina eropleni wala sitanunua? Jibu lake ni rahisi. Mwenye kuchukuliwa na eropleni ndogo si tajiri peke yake. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya madaktari wa ndege katika Afrika ya Mashariki, na tangu hapo watu wengi wa vijijini wamepata kuonana na tabibu kwa sababu eropleni ndogo ilitua karibu na kwao. Basi siku ambayo mtoto wako atalazwa katika kiti cha nyuma cha ndege kama hiyo, injini yake itakuhusu kuliko jembe lako.

Tena liko jambo la pili. Injini ya motakaa ikizimika, dereva husogea kando ya njia, akashuka, akafunua kifuniko, akatazama. Angani hapana kando ya njia. Ni kweli kwamba eropleni ambayo injini yake imezimika haianguki kama jiwe. Mabawa yake bado huibeba, nayo huteremka polepole kwa mshazari. Eropleni ya namna ya Cessna 172, ikiwa juu kadiri ya mita 1,000 kutoka ardhini, yaweza kwenda mbele kama kilometa 9 pasipo injini, ikiwa hapana upepo wa kuizuia. Lakini ndani ya kilometa hizo rubani hana budi kupata mahali pa kutua. Akiwa juu ya msitu, au juu ya ziwa, au juu ya mawe, kilometa 9 ni chache mno. Kwa hiyo dawa ya injini kuzimika haitafutwi angani. Hutafutwa chini, kabla ya safari, kwa macho, kwa mikono na kwa subira.

Kwanza na tufahamu injini hiyo hufanyaje kazi. Wengi wenu mmeshika pampu ya baisikeli. Ndani yake mna kijiti chenye ngozi kinachokwenda na kurudi. Silinda ya injini ni kama pampu hiyo, na pistoni ni kama kile kijiti. Pistoni ishukapo mara ya kwanza huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Ipandapo huigandamiza. Hapo cheche ya umeme huiwasha, ule moto ukaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Ipandapo tena hutoa moshi nje. Basi hayo ni mambo manne: kuvuta, kugandamiza, kuwaka na kutoa. Nguvu ya kule kuwaka ndiyo izungushayo propela.

Sasa tufanye hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Injini yenye silinda nne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, maana yake mara 1,200 kwa dakika. Silinda nne pamoja huwaka mara 4,800 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 288,000. Mara hizo zote petroli haina budi kufika, hewa haina budi kufika, na cheche haina budi kuruka kwa wakati wake. Tena injini ya eropleni hufanya kazi nzito kuliko ya motakaa. Motakaa hupumzika kwenye mteremko, lakini eropleni hupaa kwa nguvu zake zote, kisha huendelea kwa sehemu kubwa ya nguvu hizo mpaka safari iishe.

Injini haizimiki bila sababu, nayo haina uchawi. Yahitaji vitu vitano: petroli safi, hewa safi, cheche nzuri, mafuta ya kulainisha, na ubaridi wa kutosha. Ikikosa kimoja, hudhoofika au husimama. Basi fundi na rubani wakijua habari za vitu hivyo vitano, wamejua mahali adui apitapo.

Tuanze na petroli. Injini nyingi zilizozimika angani hazikuvunjika kitu chochote. Zilikosa petroli tu. Huenda rubani alitazama kipimo kilicho mbele yake, akaamini mshale wake. Lakini mshale waweza kukwama. Rubani mwangalifu hupanda ngazi, akafungua kifuniko cha tangi katika bawa, akatumbukiza kijiti cha kupimia, akasoma kiasi kwa macho yake mwenyewe. Kisha hufanya hesabu: safari ni saa ngapi, injini hula lita ngapi kwa saa, na akiba ni kiasi gani upepo ukiwa wa mbele.

Baada ya kiasi huja usafi. Tangi lisilojaa likilala usiku kucha katika baridi, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone ya maji juu ya kuta zake, kama umande juu ya majani. Petroli ikihifadhiwa katika mapipa kiwanjani, maji ya mvua huingia pia. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama chini, na chini ndiko bomba liendalo kwenye injini lilikoanzia. Kwa sababu hiyo chini ya kila tangi kuna vali ndogo. Kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza, na tena kila baada ya kutia petroli, rubani hutoa kidogo katika kikombe cha kioo, akakiinua juu ya nuru. Akiona mstari katikati, na matone mazito yakitembea chini yake, hayo ni maji. Humwaga, akatoa tena, na tena, mpaka kikombe kiwe na petroli tupu.

Tazameni pia rangi. Petroli ya eropleni itumikayo sana, iitwayo 100LL, hutiwa rangi ya samawati. Mafuta ya injini za jeti ni namna ya mafuta ya taa. Hayana rangi hiyo, na yakishikwa kwa vidole huteleza na kunuka kama taa ya chemli. Yakitiwa kwa makosa katika eropleni ya petroli, injini yaweza kuwaka na kutembea kwa ile petroli iliyobaki katika mabomba, ikapaa, kisha ikazimika juu ya miti. Basi atiaye petroli hana budi kusoma maandishi ya pipa, si kuuliza tu, "Ndiyo hii?"

Liko na tundu dogo ambalo watu wengi hawalijui. Petroli itokapo katika tangi, hewa haina budi kuingia mahali pake, la sivyo petroli husita, kama maji yasitavyo katika kibuyu uzibapo mdomo kwa kidole. Kwa hiyo kila tangi lina tundu la hewa. Nyigu ajengaye kwa udongo hupenda sana matundu ya namna hiyo. Kwa siku moja tu aweza kuliziba. Barafu nayo huweza. Katika Septemba 1936 Beryl Markham, bibi aliyelelewa Njoro katika Kenya, aliruka peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika ya Kaskazini juu ya bahari ya Atlantiki, akishindana na upepo wa mbele usiku kucha. Alipokaribia pwani ya Nova Scotia, baada ya saa zaidi ya 20, injini ilikosa petroli, akatua kwa shida katika kinamasi. Huelezwa kwamba barafu iliziba njia ya hewa ya tangi lake. Alipona, na sifa yake ilienea duniani. Lakini New York, mji alioukusudia, hakuufikia kwa eropleni ile.

Kitu cha pili ni hewa. Katika nchi zetu adui wake wa kwanza ni vumbi. Eropleni inayotumia viwanja vya mchanga huvuta vumbi kila iondokapo. Vumbi ni mawe madogo. Likipita ndani, husaga silinda na ringi za pistoni kama msasa usagavyo mbao. Ndiyo sababu kuna kichujio mbele ya njia ya hewa, na katika vumbi jingi hakina budi kusafishwa au kubadilishwa mapema kuliko kawaida. Kichujio kilichoziba huinyima injini pumzi; kilichopasuka hakifai kitu.

Adui wa pili wa hewa atawashangaza wengi, naye ni barafu ndani ya kabureta, hata siku ambayo nje hapana baridi kali. Kabureta ni mahali petroli inapochanganyika na hewa. Petroli igeukapo mvuke huchukua joto, kama vile mkono uliolowa spiriti uhisivyo baridi. Tena hewa ipitapo mahali pembamba hupoa. Kwa sababu hizo mbili joto ndani ya kabureta laweza kushuka hata digrii 39 za Sentigredi chini ya joto la nje. Ikiwa hewa ina unyevu mwingi, unyevu huo huganda na kuziba njia. Hatari ni kubwa zaidi joto la nje likiwa chini ya digrii 21 na unyevu ukiwa mwingi. Hayo ndiyo hali ya asubuhi nyingi katika nchi zetu za milimani, ukungu ukiwa juu ya mashamba ya chai. Kwa hiyo kila eropleni yenye kabureta ina mpini wa kuleta hewa ya moto. Kabla ya kuruka rubani huuvuta: mizunguko ya injini hushuka kidogo, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi. Isiposhuka, ajue hewa ya moto haifiki, na pengine bomba lake limepasuka au waya umekatika. Eropleni hiyo isiruke.

Kitu cha tatu ni cheche. Hapa waliobuni injini za eropleni walitumia hekima ya mtu afungaye mashua kwa kamba mbili. Kila silinda ina plagi mbili, na injini ina magneto mbili. Magneto ni chombo chenye sumaku kizalishacho umeme chenyewe injini izungukapo, hata betri ikiwa imekufa. Magneto moja ikiharibika, ya pili huendelea.

Lakini kamba mbili hazina faida kama hujui kwamba moja imekwisha kukatika. Kwa hiyo kabla ya kila kuruka rubani husimamisha eropleni mwanzo wa uwanja, akaongeza nguvu, mathalan mpaka mizunguko 1,700 kwa dakika katika Cessna 172, kisha akazima magneto moja, akaiwasha, akazima ya pili. Kila mara mizunguko hushuka kidogo. Kitabu cha baadhi ya eropleni hizo chasema isishuke zaidi ya 125, wala tofauti baina ya magneto mbili isizidi 50. Ikishuka zaidi, au injini ikitetemeka, kuna plagi au waya mbovu. Na isiposhuka kabisa, msifurahi! Yawezekana magneto ile haikuzimika, kwa kuwa waya wake wa kuzimia umekatika.

Hapa nina onyo kwa watu wote waishio karibu na viwanja. Magneto ambayo waya wake umekatika hubaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa rubani. Mtu akiisukuma propela kwa mkono, hata kwa mchezo, injini yaweza kuwaka ghafula, na propela itamkata. Basi watoto wafundishwe kwamba propela iliyosimama ni kama nyoka aliyelala. Mtu asiiguse, asiegemee, asipite mbele yake.

Kitu cha nne ni mafuta ya kulainisha, na cha tano ni ubaridi. Navyo huenda pamoja, maana mafuta pia huchukua joto. Kabla ya safari rubani huvuta kijiti cha mafuta, akasoma kiasi, akakilinganisha na kile kilichoandikwa katika kitabu cha eropleni yake. Hutazama chini ya injini: je, kuna tone jipya mchangani? Huchungulia ndani ya kifuniko: je, ndege wa porini ametia majani ya kiota? Ndege hujenga upesi sana, na kiota juu ya silinda huzuia upepo wa kuipoza, tena chaweza kushika moto.

Mafuta nayo husema, kwa mwenye kujua lugha yake. Katika injini zenye kichujio kamili, desturi ni kuyabadilisha kila baada ya saa 50 za kuruka. Zenye wavu tu, kila saa 25. Fundi hodari hatupi kichujio cha zamani. Hukikata, akakunjua karatasi yake, akaitazama kwenye nuru, akapitisha sumaku. Chembe chache ndogo mno zaweza kuwa za kawaida. Lakini vipande ving'aavyo vikionekana, injini inajila yenyewe. Vikishikwa na sumaku ni vya chuma. Visiposhikwa huenda ni vya alumini au madini mengine. Kwa hayo fundi hujua aanzie wapi kutafuta. Injini hiyo haijapiga kelele bado, wala rubani hajahisi kitu, lakini imekwisha kuandika barua, na barua imo katika kichujio. Wahenga walinena: Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa tuje katika karakana. Eropleni ndogo za kazi ya kuchukua watu kwa malipo huwa na ukaguzi mkubwa kila saa 100 katika nchi nyingi, pamoja na ukaguzi wa mwaka, hata kama hazikuruka sana. Injini ikaayo bila kazi haipumziki. Huota kutu ndani. Na iko saa ya kuifumua yote. Kwa injini nyingi za Lycoming zenye silinda nne, waliozitengeneza wametaja saa 2,000 za kuruka, au miaka 12.

Katika ukaguzi huo moja ya kazi bora ni kupima mgandamizo. Fundi hutia hewa katika silinda kwa nguvu ya ratili 80 kwa inchi ya mraba, akasoma katika kipimo cha pili imebaki ngapi. Ikibaki 75, silinda ni nzuri. Kwa injini za Lycoming, ikishuka mpaka 60 au chini yake, silinda yataka kuchunguzwa sana. Kisha fundi hutega sikio. Hewa ikilia katika bomba la moshi, vali ya kutolea moshi haifungi. Ikilia katika njia ya hewa, ni vali ya kuvutia. Ikilia katika tundu la kutilia mafuta, inapita pembeni mwa ringi za pistoni. Ndivyo alivyo tabibu naye, awekapo chombo chake kifuani mwa mgonjwa kabla ya kutoa dawa.

Pia hutazama nyufa katika bomba la moshi, kwa sababu moshi ukivuja ndani ya chumba cha abiria huua bila harufu. Hutazama mipira iliyokauka, mabomba yanayosuguana, na nati zote zilizofungwa kwa waya ili zisilegee. Nati moja, ya thamani ya senti chache, yaweza kulegea kwa mtetemo, ikaachia bomba la mafuta.

Lakini na tuseme kweli yote: mkono wa fundi waweza kuponya, na waweza kuua. Baadhi ya injini huzimika katika safari ya kwanza baada ya matengenezo, kwa sababu tambara liliachwa ndani, au bomba lilifungwa nusu, fundi akaitwa kula, akarudi na kuanzia mbele kidogo ya mahali alipoachia. Kwa hiyo ziko desturi nne za karakana njema. Kwanza, vyombo huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Kila spana ina mahali pake ukutani penye alama ya umbo lake, na pakiwa patupu kifuniko hakifungwi. Pili, fundi aliyekatizwa kazi hurudi nyuma hatua kadhaa, si kuendelea. Tatu, kazi kubwa hutazamwa na mtu wa pili, wala fundi hakasiriki kwa kutazamwa. Nne, kila kitu huandikwa katika daftari la injini, kwa tarehe, saa na sahihi ya mwenye leseni. Kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja chaweza kusahauliwa. Kilichoandikwa hubaki.

Msidhani orodha za ukaguzi ni za wajinga au za wanaoanza. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton katika Marekani, eropleni kubwa mpya ya Boeing, iitwayo Model 299, ilipaa ikiongozwa na marubani wenye ujuzi sana. Kilichosahauliwa ni kitu kidogo: kufungua kufuli ishikayo mikia na mabawa isipigwe na upepo ndege ikiwa chini. Eropleni ilianguka, na Meja Ployer Hill akafa, na Leslie Tower, rubani wa Boeing, akafa baadaye kwa majeraha yake. Baada ya msiba huo waliandika orodha fupi ya mambo ya kufanya kabla ya kuruka, na desturi hiyo ikaenea ulimwenguni. Walijifunza kwamba akili nzuri nayo husahau.

Heshima ya fundi nayo ilikuwapo tangu mwanzo. Watu wote hutaja ndugu wawili Wright walioruka huko North Carolina tarehe 17 Desemba 1903. Ni wachache wamtajao Charlie Taylor, fundi wao, aliyeitengeneza injini ya silinda nne ya eropleni ile katika muda wa wiki kama sita. Bila yeye ndugu wale wangalikuwa na mabawa tu. Na kwetu pia kazi hii si ngeni. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways katika mji wa Nairobi, na jina lake limebaki katika Kiwanja cha Ndege cha Wilson.

Sasa nitawapeni mfano wenye uzito, nao ni wa kufikiri, si wa mtu fulani. Tuseme ni saa nane mchana katika kijiji cha milimani. Eropleni imekuja kumchukua mama ambaye uzazi wake umekwama tangu alfajiri. Mumewe yupo, mama mkwe yupo, na wazee wamesimama pembeni mwa uwanja. Mgonjwa amelazwa ndani. Rubani anawasha injini, anajaribu magneto. Mizunguko inashuka 300, na injini inatetemeka. Anaongeza nguvu kidogo na kupunguza petroli katika mchanganyiko, ili plagi ijiunguze uchafu. Anajaribu tena: bado 300. Anazima.

Watu wananung'unika. Mume anasema, "Bwana, ilikuja salama asubuhi hii, kwa nini isirudi? Mke wangu anakufa!" Wasikilizaji, mume huyu si mpumbavu, maneno yake yatoka katika moyo uliojeruhiwa. Nanyi mngefanyaje kama ninyi ndio rubani?

Pimeni mambo haya. Silinda moja imebaki na plagi moja tu. Hiyo nayo ikishindwa, robo ya injini imekufa, na robo iliyokufa huvutwa na zilizo hai. Uwanja uko juu milimani, hewa ni nyepesi, jua ni kali. Kwa hiyo injini na mabawa vyote vimepungukiwa na nguvu hata vikiwa vizima. Mwisho wa uwanja pana miti. Rubani akiruka, huenda akafika. Lakini asipofika, atakuwa amemwua mama yule, na mtoto, na muuguzi, na nafsi yake, kwa jina la kuwasaidia. Basi hutia simu ya upepo kuomba eropleni nyingine, wakati huohuo hufungua kifuniko, akaitafuta silinda iliyo baridi kuliko wenzake, na fundi wake akaitoa plagi. Labda wataikuta imezibwa na chembe za risasi itokayo katika petroli. Wataisafisha, wataipima, wataifunga, watajaribu tena. Labda wataikuta imepasuka, nao wana nyingine katika sanduku kwa sababu walijiandaa. Saa moja imepotea. Saa hiyo ni ghali, wala sisemi ni rahisi kuingoja. Lakini ni nafuu kuliko mwendo usiofika.

Tena angalieni: saa ile ingaliweza kuokolewa. Kama plagi zile zingalitolewa, zikasafishwa na kupimwa katika zamu yake karakanani, mama yule asingalingoja. Ukaguzi uliorukwa siku ya kazi kidogo hudai deni lake siku ya shida. Ndiyo maana nasema kazi ya fundi asiyeonekana, aliyeinama usiku na taa yake, ni sehemu ya kazi ya tabibu.

Basi sisi tusio marubani twaweza kusaidiaje? Tufagie mawe katika viwanja vyetu, maana jiwe likivutwa na propela huikwaruza, na mkwaruzo huzaa ufa. Tuzuie ng'ombe na watoto. Tukipewa mapipa ya petroli kuyatunza, tuyaweke mahali pakavu, yakilazwa ubavu, vifuniko vikiwa chini ya petroli iliyo ndani, ili mvua isikusanyike juu yake na kunyonywa. Rubani akisema, "Siruki leo," tusimcheke kuwa ni mwoga, wala tusimwahidi zawadi ili aondoke. Hofu ya namna hiyo ni elimu.

Nanyi wanafunzi, msingoje eropleni ili kuianza tabia hii. Kinu cha kusagia mahindi kina mafuta ya kupima. Baisikeli ina nati. Pampu ya maji ina kichujio. Lori la chama cha ushirika lina daftari, au lapaswa kuwa nalo. Mtu atazamaye kabla, aandikaye alichokiona, na akataaye kusema "Nadhani ni sawa" mahali pa "Nimeona ni sawa," huyo amekwisha kuwa nusu ya fundi. Nusu ya pili ataipata shuleni na karakanani, nasi twamhitaji.